Pensheni ya Babu na Ahadi za Serikali ya Kikoloni



Kwa miaka mingi imekuwa ikisemwa katika ukoo wetu kwamba Babu alinyang'anywa pensheni yake na Serikali ya Mwalimu Nyerere mwaka 1968. Nimeisikia habari hii misibani na arusini, nimeisikia pia katika simu za usiku baina ya Buffalo na Tabora. Upande mmoja wa ukoo umeishikilia kama sehemu ya urithi wake. Upande mwingine huijibu kwa ukali kuwa ni kashfa tupu, na kuna wakubwa wawili, ambao sina haja ya kuwataja kwa kuwa kila mmoja wetu anawajua, waliofariki dunia bila kupatana kwa ajili yake.

Wahariri wa kijitabu hiki waliponitaka niandike jambo la historia, walinikumbusha kwamba nilitumikia Serikali nyumbani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia katika hesabu za mishahara na malipo ya uzeeni, kabla ya kustaafu na kuwafuata watoto hapa Columbus. Basi nimeona nilitazame suala hili kwa karatasi, si kwa hasira. Karatasi zenyewe ni tatu tu, na nakala zake nimeletewa na mpwa wangu wa Louisville anayetunza lile sanduku la bati: barua ya kuajiriwa Babu ukarani mwaka 1931, hesabu ya akiba yake inayoanzia mwaka 1942, na barua ya kumstaafisha ya mwaka 1959.

Jibu nitalitoa mapema ili asiyependa habari ndefu apate kwenda kula. Hakuna aliyemnyang'anya Babu pensheni mwaka 1968, wala mwaka mwingine wowote, kwa sababu Babu hakupata kuwa na pensheni. Kilichotokea mwaka 1968 ni kweli kilitokea, lakini kiliwahusu watu wengine kabisa. Namna mambo hayo mawili yalivyochanganyika nyumbani kwetu ndiyo habari yenyewe.

Yatupasa kwanza kufahamu jinsi mkoloni alivyowalipa wastaafu wake. Katika utawala wa Kiingereza kila nchi ilibeba gharama za watumishi wake. Ofisa aliyeteuliwa London na kuletwa Tanganyika alipata mshahara wake kutoka Hazina ya Dar es Salaam, na pensheni yake pia ilikuwa deni la Hazina hiyo hiyo. Kama alianzia Gold Coast, akahamia Tanganyika, na kumalizia Fiji, pensheni yake iligawanywa kwa kadiri ya muda aliotumikia kila mahali, na kila nchi ikalipa fungu lake. Mstaafu mwenyewe alikuwa amekaa kwao Uingereza, akizipokea fedha hizo kwa mikono ya Crown Agents, mawakala wa makoloni waliokuwa na ofisi zao London.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nyuma ya pensheni hizo hapakuwa na mfuko. Serikali haikuweka fedha kando mwaka hadi mwaka kwa ajili ya siku ambayo ofisa atastaafu, na ofisa naye hakukatwa kitu kwa ajili ya pensheni yake mwenyewe. Ilikuwa ni ahadi iliyoandikwa katika sheria, na kila mwaka Hazina iliilipa kutoka katika mapato ya mwaka huo: ushuru wa forodha, leseni, na ile kodi ya nyumba na ya kichwa iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1922. Kwa maneno mengine, mkulima wa Sikonge aliyelipa kodi mwaka 1950 alikuwa akimlipa Bwana Shauri aliyekuwapo, na papo hapo alikuwa akimlipa Bwana Shauri aliyekwisha kurudi kwao zamani. Sisemi hivyo kwa kejeli. Serikali nyingi duniani zimefanya vivyo hivyo, na maadamu kodi inaingia, utaratibu huo hauna kelele. Kelele huanza pale mwenye kutoa ahadi anapoondoka na kumwachia mwingine kuitimiza.

Tena ahadi yenyewe ilikuwa na mlango wa nyuma. Sheria ya Pensheni ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1946, ilitamka wazi kwamba hakuna ofisa mwenye haki kamili ya kupewa pensheni. Na sheria za aina hiyo zilikuwa desturi katika makoloni. Pensheni ilihesabiwa kuwa ni hisani ya Serikali kwa mtumishi mwema. Kwa vitendo maofisa wa Kizungu hawakunyimwa hisani hiyo, ila maneno hayo yalikuwapo, na sisi tuliofanya kazi katika ofisi hizo baadaye tuliyarithi pamoja na makabati ya mafaili.

Sasa, ni nani aliyekuwa na ahadi hiyo? Hapo ndipo rangi ilipoingia. Hata wajane waligawanywa: Kenya ilikuwa na sheria ya pensheni za wajane na yatima wa maofisa wa Kizungu, na nyingine mbali kwa wajane na yatima wa maofisa wa Kiasia. Kuhusu Mwafrika, wapo wachache waliopandishwa kuwa watumishi wa kudumu wenye pensheni, lakini wengi walikuwa makarani, matarishi, mafundi na wapimaji walioajiriwa kwa masharti yasiyo na pensheni. Si kwamba walikaa kimya. Chama cha Watumishi wa Serikali wa Kiafrika kiliundwa Tanga mwaka 1922, kikiongozwa na Martin Kayamba, na watu wa kalamu walianza mapema kujisemea mbele ya Serikali.

Kwa watu wa namna ya Babu, Serikali ya Tanganyika ilianzisha Mfuko wa Akiba kwa sheria ya mwaka 1942, na mwaka 1944 ukafuata mfuko wa namna hiyo kwa watumishi wa serikali za mitaa. Huu ndio mfuko uliomo katika karatasi ya Babu. Mtumishi alikatwa kiasi katika mshahara, Serikali ikaongeza cha kwake, faida ikaingia, na siku ya kuondoka kazini mtumishi akapewa fedha zote kwa mkupuo. Tazameni kinyume kilichopo: ofisa mkubwa hakuchangia chochote na alilipwa hadi kufa, karani mdogo alichangia kila mwezi na alilipwa mara moja. Tena angalieni tarehe. Babu aliajiriwa mwaka 1931, na hesabu yake inaanzia 1942. Miaka kumi na moja ya kwanza haimo katika hesabu hiyo.

Palikuwa na pigo jingine lililojificha ndani ya mshahara. Baada ya vita kuu ya pili, tume ya Sir Maurice Holmes ya mwaka 1947 na 1948 ilichunguza utumishi wa Serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tume ilikubali kwamba Mwafrika au Mwasia anaweza kushika kazi ile ile ya Mzungu, kisha ikapendekeza alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu huyo. Pensheni hufuata mshahara. Kanuni iliyodumu Kenya hadi zama zetu ni kwamba kila mwezi wa utumishi huleta sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwaka. Tuchukue mfano wa watu wawili wenye kazi moja, mmoja akipata pauni 500 kwa mwaka na mwenziwe 300. Baada ya miaka ishirini, yaani miezi 240, wa kwanza ana pensheni ya pauni 250 na wa pili 150. Tofauti ya rangi iliyoanza mezani kazini inamfuata mtu hadi kitandani mwake uzeeni. Tume ya Sir David Lidbury ya mwaka 1953 na 1954 ndiyo iliyoondoa kipimo hicho cha tatu kwa tano, na mahali pake pakawekwa nyongeza ya kuwavutia wageni kutoka ng'ambo. Jina likawa safi zaidi.

Babu alistaafu mwaka 1959. Fedha za mkupuo, kama tujuavyo sote, ziliezeka nyumba ya Tabora kwa bati, zikawasomesha wanawe wawili, na zilizosalia zikafungua duka ambalo lilifungwa mwaka 1963. Sina lawama juu ya duka. Mtu aliyekaa miaka ishirini na minane akinakili barua za wengine hufikiri biashara ni rahisi.

Miaka miwili baada ya Babu kustaafu, nchi ikapata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Wakati ule takriban robo tu ya vyeo vya juu na vya kati serikalini vilishikwa na wananchi. Vilivyobaki vilikuwa vya wageni, wengi wao Waingereza. Hawa walipewa fidia kwa kukatizwa kazi zao, na Uingereza ilikubali kubeba nusu ya gharama ya fidia hiyo. Lakini pensheni walizochuma kwa utumishi wa zamani, kabla bendera haijabadilishwa, zilibaki kuwa deni la Tanganyika. Katiba ya uhuru ilizilinda, na mapatano ya watumishi wa umma baina ya nchi mbili yakazitia muhuri. Kwa hiyo mkulima yule wa Sikonge, sasa akiwa raia huru, aliendelea kuwalipa mabwana waliomtawala.

Nchi nyingine zilikwisha kulitatua jambo hili kwa njia tofauti. India ilipojitawala ilikuwa na akiba kubwa ya pauni London, kwa kuwa Uingereza iliikopa bidhaa na huduma wakati wa vita. Mwaka 1948 India ilitumia sehemu ya akiba hiyo kuinunulia Uingereza jukumu la pensheni za pauni, na mwaka 1955 Bunge la London likapitisha sheria ya kuzichukua rasmi pensheni za India, Pakistani na Burma. Tanganyika haikuwa na akiba ya namna hiyo. Tulikuwa na katani, kahawa na pamba, na bei yake ilipangwa na wanunuzi.

Mwaka 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekubaliwa ukazuiwa. Uhusiano ulirudishwa Julai 1968. Lakini mwaka ule ule Serikali yetu ilitangaza kwamba haitaendelea kulipa pensheni za maofisa wa Kiingereza kwa utumishi wao wa kabla ya uhuru. Hoja yake ilikuwa fupi: watu hawa waliajiriwa na Uingereza, wakatekeleza siasa ya Uingereza, basi na alipe aliyewaajiri. Uingereza ilijibu kwamba saini ni saini, ikasimamisha misaada.

Hapa naomba radhi kwa pande zote mbili za ukoo, kwa kuwa nitasema ninavyoona. Kisheria Tanzania ilikuwa imeahidi. Kwa haki, deni lile halikuwa letu. Wala mstaafu wa Kiingereza hakuwa na kosa. Alipanga uzee wake kwa kuiamini karatasi aliyopewa, kama mtu mwingine yeyote. Uingereza yenyewe hatimaye ilikubali kwamba hoja ina uzito: mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitangaza kuwa tayari kuchukua pensheni za maofisa wake katika nchi zilizokuwa makoloni, na Sheria ya Pensheni za Ng'ambo ya mwaka 1973 ikatoa njia ya kufanya hivyo. Nchi nyingi ziliupokea mpango huo. Tanzania ililaumiwa kwa kusema mapema jambo ambalo baadaye lilifanywa kuwa utaratibu.

Uamuzi wa 1968 haukumgusa mstaafu Mtanzania. Lakini jiwekeni katika nyumba ile ya Tabora. Duka limefungwa miaka mitano iliyopita, fedha za mkupuo zimekwisha, wanawe wamehamia mbali. Redio inatangaza kwamba Serikali haitalipa tena pensheni za watumishi wa zamani wa Serikali ya kikoloni. Babu alikuwa mtumishi wa zamani wa Serikali ya kikoloni, na mkononi hakuwa na kitu. Ni nani ambaye asingejumlisha? Nadhani hata Babu mwenyewe aliachia ijumlishwe hivyo. Ni afadhali kusema umenyang'anywa kuliko kuwaeleza wanao kwamba hukuwa miongoni mwa waliostahili. Alifariki mwaka 1971.

Bibi aliishi hadi 1988, miaka kumi na saba ya ujane bila senti ya Serikali, kwa sababu akiba ikishalipwa haina mjane. Wengi tulioko Marekani leo tulisomeshwa kwa mihogo yake na kwa fedha ndogondogo zilizotumwa na shangazi zetu. Wajane wa maofisa wa enzi ile walikuwa na mfuko wao. Sijapata kusikia ukoo ukigombana kwa ajili ya Bibi.

Wapo watakaosema: basi dawa ni kuwa na mfuko wenye fedha ndani. Ni kweli, lakini si kweli yote, na upande wetu wa Buffalo, ambao wazee wao walikuwa watu wa Reli, wanalijua hili kuliko mimi. Reli na Bandari za Afrika Mashariki ziliunganishwa mwaka 1948 chini ya Kamisheni Kuu ya wakoloni, zikarithiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967. Mashirika hayo yalikuwa na mifuko ya pensheni na ya akiba. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, fedha zikawa sehemu ya mali ya kugombaniwa. Msuluhishi Victor Umbricht kutoka Uswisi alihangaika hadi mwaka 1984 ndipo mapatano yakatiwa saini: Kenya ikabeba asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26, na kila nchi ikachukua jukumu la kuwalipa raia wake. Wastaafu wa Tanzania walikwenda mahakamani, na hati ya maafikiano ilipatikana Septemba 2005, kwa zaidi ya wafanyakazi 31,000, kwa kiasi cha shilingi bilioni 117 hivi. Ni miaka ishirini na minane tangu Jumuiya ivunjike. Hata baada ya hapo baadhi yao waliendelea kuonekana katika barabara za Dar es Salaam, na mikongojo yao, wakidai kuwa wamepunjwa.

Serikali ya Tanzania yenyewe iliendelea na desturi ya kulipa pensheni bila mfuko hadi tarehe 1 Julai 1999, ndipo watumishi wakaanza kuchangia. Lakini miaka yao ya kabla ya hapo haikuwa na mchango wowote, na mfuko mpya ulitakiwa kuwalipa kana kwamba ulikuwapo. Deni hilo likavimba hadi mwaka 2021, Serikali ilipotoa hatifungani za zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipunguza. Kenya nayo ilisubiri hadi Januari 2021 kuanza mpango wa kuchangia. Tumeishi na mkono wa mkoloni katika hesabu zetu miaka sitini.

Vijana wetu wengi sasa wameajiriwa na serikali za majimbo na miji ya hapa, hivyo si vibaya kutazama mlikofikia. Ndugu wa Buffalo, mna bahati: Katiba ya Jimbo la New York, kwa kifungu kilichokubaliwa mwaka 1938, inasema uanachama katika mfuko wa pensheni wa umma ni mkataba, na mafao yake hayapunguzwi. Ni kinyume kabisa na ile hisani ya mkoloni. Sisi wa Columbus tuna mfuko ulioanza mwaka 1935. Mtumishi wa kawaida hukatwa asilimia 10 ya mshahara, mwajiri huongeza 14, na mtumishi huyo hachangii Social Security, jambo ambalo kijana aliyeajiriwa karibuni anapaswa kuliuliza kabla ya kutia saini. Louisville ndiko penye kisa. Mfuko mkuu wa watumishi wa Jimbo la Kentucky, ulioanzishwa mwaka 1956, ulikuwa mwaka 2018 na senti 13 hivi tu kwa kila dola uliyoahidi, kwa kuwa kwa miaka mingi jimbo lilitoa pungufu ya lililotakiwa. Mwaka huo wabunge waliingiza mabadiliko ya pensheni ndani ya mswada uliokuwa wa maji taka, walimu wakafurika Frankfort, na mwezi Desemba Mahakama Kuu ya jimbo ikaifuta sheria hiyo kwa namna ilivyopitishwa. Nilipoisoma habari ile nilicheka peke yangu jikoni. Nilidhani uhodari wa namna hiyo ulikuwa wetu.

Nimeandika haya pia kwa sababu ya ajenda ya Jumamosi. Katika mkutano wa Louisville tuliahidi kwamba chama chetu kitawatumia wazee watano walioko nyumbani dola 600 kila mmoja kwa mwaka, maisha yao yote. Tulipiga makofi, wazee wakaarifiwa kwa simu. Katika daftari la mweka hazina ahadi hiyo haina fungu. Inategemea michango ya mwaka husika, na mwaka jana michango ilitosha kwa sababu hatukuwa na msiba. Wazee watatu kati ya watano ni wajane. Nitapendekeza tutenge dola 3,000 kabla ya kulipia ukumbi na chakula, na nusu ya zitakazozidi zikae zisiguswe.

Karatasi tatu za Babu zitakuwa mezani, karibu na daftari la michango. Mwenye macho mazuri aje anisaidie: katika hesabu ya akiba kuna mstari mmoja wa mwezi Machi 1947, fedha zimetolewa, na maelezo yake yameandikwa kwa mwandiko ambao sijaweza kuusoma.